Kibarua cha Ng'ambo Hakilipi Karo



Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja akaaye katika nyumba za askari, ambaye mume wake yuko Somalia katika kazi ya kulinda amani. Barua ilikuwa ya kurasa mbili, imeandikwa kwa mwandiko safi, na nilipoimaliza niliona wazi kwamba swali lililomo si lake peke yake. Ndiyo sababu nilimwomba ruhusa nimjibu hapa gazetini, ili na wengine wafaidike, nami nimeacha kutaja jina lake na la kambi yake.

Mambo yenyewe ni haya. Kijana wao wa kwanza, mwenye umri wa miaka 20, amemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri. Amepata barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza asomee shahada ya kwanza ya biashara kwa miaka mitatu, na karo yake ni pauni 14,500 kwa kila mwaka. Wakala aliyewatafutia nafasi hiyo amewaambia kwamba wakilipa karo ya mwaka wa kwanza, imetosha. Kijana akifika huko atafanya kazi ya saa chache kila juma, na mshahara wake utalipa karo ya mwaka wa pili na wa tatu, tena atabakiwa na kitu cha kuwatumia wadogo zake. Baba watoto amepiga simu kutoka Mogadishu na kusema kwamba yu tayari kutoa akiba yote ya posho yake. Kiwanja walichokinunua ili wajenge nyumba ya kustaafu nacho kitauzwa. Mnunuzi amekwisha patikana. Mama anauliza, "Mwalimu, je, nitie sahihi?"

Mama, nakupa jibu langu mwanzoni ili usisome kwa wasiwasi: kwa masharti uliyoelezwa, usitie sahihi. Sasa nitakuonyesha sababu, moja baada ya nyingine, ili utakapozungumza na Afande uwe na hesabu mkononi, wala asidhani kwamba unamzuia mwanawe asisome.

Saa 20 ni mpaka, si ahadi

Ni kweli kwamba Serikali ya Uingereza humruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi. Kijana asomaye shahada katika chuo kikuu kinachotambuliwa huandikiwa katika kibali chake kwamba aweza kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa muhula. Anayesoma masomo ya chini ya shahada huruhusiwa saa 10 tu. Juma hilo huhesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, na saa hazigawanywi wala kulimbikizwa: mwanafunzi aliyefanya kazi saa 10 juma hili hawezi kufanya saa 30 juma lijalo na kusema kwamba amesawazisha. Wakati wa likizo ya chuo aweza kufanya kazi siku nzima.

Lakini yatupasa kuelewa vema maana ya saa 20. Huo ni mpaka ambao kijana hapaswi kuuvuka, na hakuna mtu aliyemwahidi kwamba atapewa saa zote hizo. Kazi nyingi wanazozipata wanafunzi ni za madukani, hotelini, katika maghala ya kufungasha mizigo, kufagia maofisi, na kuwahudumia wazee. Mikataba mingi ya kazi hizo haiahidi idadi ya saa. Juma moja mwenye kazi humwita kijana kwa saa 20, juma la pili kwa saa 8, na juma la tatu simu hailii kabisa. Tena hapati kazi siku ile ashukapo kutoka ndege. Atahitaji nambari ya bima ya taifa, akaunti ya benki, na uthibitisho wa kibali chake ambao kila mwajiri hana budi kuukagua. Wengi hukaa majuma kadhaa wakila akiba waliyokuja nayo.

Zipo pia kazi zilizokatazwa kabisa. Mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri wala kufungua biashara. Kwa sababu hiyo, zile kazi za kupeleka chakula nyumba kwa nyumba kwa baiskeli au pikipiki, ambazo mtu huitwa kwa simu na kulipwa kwa kila safari, kwa kawaida haziruhusiwi, kwani anayezifanya huhesabiwa kuwa amejiajiri. Vijana wetu waliozoea kuona wenzao wa bodaboda wakijipatia riziki hapa mjini hudhani jambo hilo ni lile lile huko. Wengine huazima jina la mtu mwenye kibali cha kazi na kufanya kazi kwa jina lake. Akishikwa, masomo na kibali hupotea kwa siku moja.

Tuchukue kalamu na karatasi

Sasa tufanye hesabu, kama nilivyokuwa nikiwafanyisha watoto wa darasa la sita. Kima cha chini cha mshahara nchini Uingereza, kuanzia mwezi wa Aprili 2026, ni pauni 12.71 kwa saa kwa mtu aliyetimiza miaka 21. Kwa aliye na miaka 18 hadi 20 ni pauni 10.85. Kijana wako, Mama, ana miaka 20, basi akipata saa zote 20 atapata pauni 217 kwa juma, yaani kama pauni 940 kwa mwezi. Akitimiza miaka 21 atapata pauni 254.20 kwa juma, yaani kama pauni 1,100 kwa mwezi.

Na matumizi je? Hatuna haja ya kubahatisha, kwa maana Serikali ya Uingereza yenyewe imeweka kiasi ambacho mwanafunzi lazima aonyeshe kwamba anacho kwa ajili ya chumba, chakula na nauli. Tangu mwezi wa Novemba 2025 kiasi hicho ni pauni 1,171 kwa mwezi kwa asomaye nje ya London, na pauni 1,529 kwa asomaye London. Linganisha, Mama. Kijana wa miaka 21 akifanya kazi kila saa anayoruhusiwa, bila kuugua hata siku moja na bila kukosa zamu hata moja, mshahara wake wa muhula haufikii kiasi cha kumweka hai. Karo bado hatujaigusa.

Wakala atakujibu kwamba wakati wa likizo kijana atafanya kazi siku nzima. Haya, na tumhesabie hilo pia, kwa ukarimu wote. Tuseme ana majuma 12 ya likizo, na kila juma anapata kazi ya saa 40. Majuma 40 yaliyobaki anapata saa 20 kila juma bila kukosa. Mwaka mzima atakuwa amepata kama pauni 16,270. Akisha katwa kodi ya mapato na bima ya taifa, atabakiwa na kama pauni 15,200. Matumizi ya miezi 12 kwa kiasi kile cha Serikali ni pauni 14,052. Salio ni kama pauni 1,150. Karo ni pauni 14,500. Basi katika mwaka ambao kila jambo limekwenda sawa, mwaka ambao mimi sijaona mwanafunzi aliyeupata, salio la kijana halifikii hata sehemu moja ya kumi ya karo.

Hesabu hiyo ndiyo ningependa Afande aione. Wala haina siri yoyote, kwani mtu ye yote aliyesoma hadi darasa la saba aweza kuifanya. Wakala naye aweza, lakini yeye hulipwa kijana anapoingia chuoni, si kijana anapohitimu.

Fedha za kuonyesha

Jambo jingine ambalo barua yako haikulitaja, nadhani kwa sababu hukuambiwa, ni fedha za kuonyesha benki. Kabla ya kupewa kibali, mwombaji wa kawaida kutoka kwetu hana budi kuwa na karo ya mwaka wa kwanza pamoja na fedha za matumizi ya miezi 9. Kwa chuo kilicho nje ya London hiyo miezi 9 ni pauni 10,539. Fedha hizo lazima ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Tena kuna ada ya matibabu ya pauni 776 kwa kila mwaka, nayo hulipwa yote mara moja kabla ya safari, kwa muda wote wa kibali. Kwa masomo ya miaka mitatu huzidi pauni 2,300. Jumla yake, pamoja na karo, yapita pauni 27,000, kabla ya ada ya viza na nauli ya ndege. Zidisha kwa bei ya pauni ya siku hiyo benki, kisha ulinganishe na bei ya kiwanja.

Hapa ndipo baadhi ya mawakala husema, "Msiwe na hofu, tutawakopesha fedha zikae katika akaunti yenu siku 28, kisha tutazichukua." Mama, kimbia. Anayepeleka karatasi za uongo katika maombi ya viza ya Uingereza aweza kufungiwa mlango kwa miaka 10. Na hata ikiwa ujanja huo utapita, kijana atakuwa amefika katika nchi ya baridi bila zile fedha ambazo Serikali ya huko imeona kwamba mtu hawezi kuishi bila kuwa nazo.

Yaliyotukuta nyumbani kwetu

Pengine utasema kwamba mimi ni mtu wa ofisini, naandika tu. Basi nitakueleza jambo ambalo nimeruhusiwa na mwenyewe kulieleza.

Marehemu baba yetu alikuwa askari wa polisi. Alituachia ng'ombe 11 na shamba. Mwaka 2022 mdogo wangu, aliyekwisha pata shahada yake hapa nyumbani, alipata nafasi ya shahada ya uzamili ya mwaka mmoja katika mji mmoja wa Uingereza. Wakala, ambaye sitamtaja, alituambia maneno yale yale uliyoambiwa wewe: lipeni awamu ya kwanza, ya pili atailipa mwenyewe kwa kazi. Nilikuwa mkubwa katika nyumba ile, nami ndiye niliyewaita wanunuzi wa ng'ombe. Mama yetu alisimama mlangoni akiwahesabu walipokuwa wakitoka zizini. Hakusema neno.

Mdogo wangu aliondoka Januari 2023. Alipata kazi baada ya majuma saba, katika ghala. Juma jingine walimpa saa 20, jingine saa 8. Alikuwa akitumaini likizo ya miezi ya joto ili afanye kazi siku nzima, kisha akaambiwa chuoni kwamba kwa mwanafunzi wa uzamili miezi hiyo si likizo, ni wakati wa kuandika tasnifu, na ule mpaka wa saa 20 bado unamhusu. Hilo hatukuambiwa na mtu. Tarehe ya awamu ya pili ilipokaribia alitafuta kazi ya pili, ya usiku, iliyolipwa mkononi. Akawa anafika darasani akisinzia, kisha akawa hafiki. Fedha hazikutimia. Chuo kilimwondoa katika orodha na kuiarifu idara ya uhamiaji, kama sheria inavyokitaka, naye akapata barua ya kumpa siku 60 aondoke nchini.

Alirudi bila cheti. Kwa miezi mingi mama yetu aliwaambia majirani kwamba yuko likizo. Leo ana kibanda cha kutuma fedha kwa simu, na kila mwezi hulipa sehemu ya deni tulilokopa kuongezea bei ya ng'ombe. Nilimuuliza juzi niandike nini kwa niaba yake. Akasema, "Waambie kazi haikunishinda. Iliyonishinda ni hesabu, na hesabu hiyo tungeweza kuifanya kabla sijapanda ndege."

Mama, yule kijana hakuwa mvivu wala mlevi. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa, na hasa langu, tuliotaka kusikia habari njema tukaacha kuuliza habari kamili.

Kazi baada ya masomo

Wapo wazazi wasemao, "Hata ikiwa atataabika miaka mitatu, akimaliza atapata kazi nzuri huko na kurudisha gharama zote." Na hili tulipime.

Tangu Julai 2021 mwanafunzi aliyehitimu Uingereza aweza kuomba kibali cha kubaki na kutafuta kazi bila kudhaminiwa na mwajiri. Muda wake umekuwa miaka miwili, na mitatu kwa mwenye shahada ya uzamivu. Lakini kwa maombi ya kuanzia tarehe 1 Januari 2027 ile miaka miwili imepunguzwa kuwa miezi 18. Kijana wako atakuwa miongoni mwa hawa. Kibali hicho hakiongezwi. Muda ukiisha, ni lazima awe amepata mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni, na kazi hiyo iwe ya kiwango cha mtu mwenye shahada. Kuanzia Julai 2025 mshahara unaotakiwa kwa kawaida ni pauni 41,700 kwa mwaka, na kwa vijana waliohitimu karibuni ni pauni 33,400.

Sasa angalia: mtu afanyaye kazi saa 40 kwa juma kwa kima cha chini hupata kama pauni 26,400 kwa mwaka. Kwa hiyo kile kibarua cha dukani au ghalani, hata kikawa cha siku nzima, hakimpeleki mtu kwenye kibali cha kudumu zaidi. Zamani kidogo wengi walipitia kazi ya kuwahudumia wazee, lakini mlango wa kuajiri watu wa kazi hiyo kutoka nje ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Wapo wanaofanikiwa, hasa wenye ujuzi wa uhandisi, uuguzi, na tarakilishi. Hata hivyo, hao walianza kujitafutia nafasi tangu mwaka wa kwanza wa masomo, na hawakuwa na haja ya kusinzia darasani.

Neno moja kwa askari ambao wenyewe wanafikiria kwenda kusoma. Tangu tarehe 1 Januari 2024 mwanafunzi wa shahada ya kwanza, au wa uzamili wa darasani, hawezi kumchukua mke wala watoto kwenda nao Uingereza. Ruhusa hiyo imebaki hasa kwa wanaofanya utafiti na kwa wenye ufadhili wa serikali. Atakayekwambia kwamba utaondoka na jamaa yako yote, muulize amesoma kanuni za mwaka gani.

Nchi nyingine

Nchi hazifanani, na mzazi asidhani kwamba sheria ya moja ndiyo ya zote. India, ambako vijana wengi wa Uganda wamesoma, karo yake mara nyingi ni nafuu, lakini viza ya mwanafunzi haimruhusu kufanya kazi yo yote ya mshahara. Anayekwenda India lazima aende na fedha zote, au na ufadhili. Kanada, tangu Novemba 2024, huruhusu saa 24 kwa juma wakati wa muhula.

Ujerumani ni habari nyingine. Huko vyuo vikuu vingi vya umma havitozi karo, isipokuwa michango ya kila muhula. Lakini jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni wasio wa Jumuiya ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na vipo vyuo vichache vingine vilivyoanza kutoza. Mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, na tangu Januari 2026 kima cha chini ni euro 13.90 kwa saa. Akihitimu hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayofanana na elimu yake. Kwa hesabu, hapa kibarua chaweza kweli kumlisha kijana. Lakini kabla ya kwenda lazima aweke benki euro 11,904 za mwaka wa kwanza, katika akaunti ambayo humtolea euro 992 kila mwezi. Tena masomo mengi ya shahada ya kwanza hufundishwa kwa Kijerumani, na hata kazi za jikoni na dukani humtaka ajue lugha. Kijana aliye tayari kukaa hapa nyumbani mwaka mzima akijifunza Kijerumani kwa bidii ana njia. Asiye tayari asijidanganye.

Maswali ya kumuuliza wakala

Kila mzazi, kabla ya kutoa shilingi, amuulize wakala maswali haya matano, na ajibiwe kwa maandishi. Kwanza, karo ya miaka yote ni kiasi gani, na hupanda kwa kiasi gani kila mwaka? Pili, ni fedha ngapi lazima zionekane benki, na kwa siku ngapi? Tatu, kijana akinyimwa viza, ni fedha zipi zitarudishwa na zipi hazitarudishwa? Nne, wewe wakala unalipwa na nani, chuo au mimi, au sote wawili? Tano, je, shahada hiyo itatambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu hapa Kampala? Hili la tano halihitaji kusubiri wakala, kwa maana Baraza lenyewe ndilo linalokadiria vyeti vya nje, nawe waweza kwenda kuliuliza. Wakala mwema hatakasirika. Akikasirika, umekwisha jibiwa.

Nakushauri hivi

Sasa nirudi kwako, Mama. Sisemi kijana asiende ng'ambo. Nasema aende kwa fedha ambazo zipo, si kwa fedha ambazo bado hajazifanyia kazi. Kibarua ni kitu chema kikiwa cha mkate, nauli na koti la baridi. Katika ofisi yetu yupo mama ambaye binti yake alisoma Uingereza kwa ufadhili. Alifanya kazi saa 10 kwa juma katika maktaba ya chuo, hakuomba nyumbani hata senti, na alirudi na shahada yake pamoja na barua nzuri ya msimamizi wa maktaba. Tofauti yake na mdogo wangu haikuwa akili. Karo yake ilikuwa imelipwa kabla hajaondoka.

Kwa hiyo, Mama, mwache kijana aanze shahada ya kwanza hapa nyumbani. Akiba ya baba yake itatosha, na kiwanja kitabaki. Ikipungua, ipo mikopo ya Serikali ya elimu ya juu, ambayo hutolewa kwa wanafunzi wanaosoma vyuoni hapa nchini. Akihitimu vizuri na kufanya kazi kidogo, aombe ufadhili wa uzamili: upo wa Jumuiya ya Madola, upo wa Chevening wa Serikali ya Uingereza, ambao hutaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa kama miaka miwili na arudi kwao akimaliza, na upo wa DAAD wa Ujerumani. Wizara ya Elimu nayo hutangaza nafasi zinazotolewa na nchi rafiki. Nafasi hizo ni chache na zina washindani wengi, lakini kuziomba hakuuzi kiwanja cha mtu.

Na ikiwa ninyi wawili mtaamua kwamba lazima aende sasa, basi aende mkiwa na karo ya miaka yote mitatu, au ahadi ya hakika ya jamaa anayeijua hesabu hii. Mkifanya hivyo, mwahidini jambo moja: kwamba hamtamwandikia kuomba mabati wala karo ya wadogo zake mpaka amalize. Vijana wengi hawavuki ule mpaka wa saa 20 kwa tamaa yao. Huvuka kwa sababu ya ujumbe uliotoka nyumbani.

Nakuomba uikate karatasi hii ya gazeti, au uipige picha kwa simu, umtumie Afande huko aliko. Mwambie asifikiri kwamba umekataa. Mwambie umemaliza kuhesabu, na sasa unangoja naye ahesabu. Askari aliyekaa miezi mingi juani akiilinda amani ya watu wengine anastahili, siku atakapovua sare, kukikuta kiwanja chake mahali pale pale alipokiacha. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini hawakusema kwamba haiibiwi.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya wosia na karatasi ambazo kila askari yafaa aziache nyumbani kabla ya kwenda kazini mbali. Barua zenu zinaendelea kupokelewa. Andikeni kwa wino na kwa nafasi, ili mwalimu wenu asome bila miwani.